Acha Watoto Wavute Ute, Ndani Yake Kuna Kemia

Mpenzi msomaji, ikiwa una mtoto wa shule nyumbani mwako, huenda umewahi kuombwa pesa za gundi. Gundi hiyo si ya kubandikia picha daftarini. Ni ya kutengenezea kile kitu cha rangi rangi kinachovutika na kuteleza, ambacho watoto wa mjini hukiita slaimu. Mtoto akikipata hana haja tena ya chakula wala usingizi. Atakivuta, atakifinya, atakikunja, na mwisho wa yote utakikuta kimekauka kwenye zulia la sebuleni.

Kwangu mimi kiliingia likizo moja bila hodi. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa Gredi ya 7, na nduguye mdogo wa Gredi ya 2, walichanganya gundi nyeupe na sabuni ya unga ya kufulia. Baada ya nusu saa viganja vya yule mdogo vilikuwa vyekundu na vinawasha. Tulimwosha kwa maji mengi na kufikia asubuhi alikuwa mzima. Hata hivyo, nilikasirika. Nilikitupa kitu chote kwenye pipa la taka na kupiga marufuku mchezo huo.

Binti yangu aliniuliza swali moja tu: "Baba, kwa nini gundi ikikutana na sabuni inageuka hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia asome kwa bidii atajua mbele ya safari. Alinitazama, kisha akasema kwamba sayansi si somo lake, ni la wale wenye akili. Maneno hayo yaliniuma kuliko lile zulia. Hapa alikuwepo mtoto aliyeuliza swali halisi la kemia, na baba yake akamfungia mlango usoni.

Mlango huo ulifunguliwa baadaye, na aliyeufungua ni mama yangu mzazi, huko kwetu Mbooni. Ninakusimulia, msomaji, kwa sababu yale tuliyofanya huko unaweza kuyafanya hata kwenye nyumba ya chumba kimoja mjini, na hutahitaji gundi wala dawa ya dukani.

UNGA SI WA KUCHEZEA

Mbooni ni vilima vilivyo katika Kaunti ya Makueni, na wenyewe husema jina hilo linatokana na mbogo waliokuwa wakilisha huko zamani. Ukipanda kuelekea soko la Kikima utaona mashamba yamekatwa matuta kuanzia bondeni hadi juu, kama ngazi. Ni sehemu yenye baridi na ukungu, tofauti na nyanda za chini ambako jua huwaka na mvua huchelewa.

Tulifika Disemba. Siku ya pili mvua ilinyesha kutwa nzima na umeme ukapotea. Watoto walichoka kukaa. Yule mdogo akaanza kunong'ona habari za slaimu. Nikakumbuka kusikia kwamba inaweza kutengenezwa kwa unga na maji. Basi nikaingia jikoni, nikachota vikombe viwili vya unga wa mahindi na kuvimimina kwenye karai.

Mama alikuwa ameketi karibu na meko akichagua pojo. Hakupiga kelele. Aliinuka, akalichukua karai na kuurudisha unga mkebeni hadi punje ya mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, umesahau mwaka wa 1984?"

Sijausahau. Mvua za masika zilikosekana, na Wakamba waliipa njaa ya mwaka ule jina la Nikw'a Ngwete, maana yake ni kwamba ninakufa huku nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Mtu alikuwa na fedha mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Mama alitembea na noti kwenye leso kutoka duka hadi duka, akarudi nazo. Kwa mtu aliyeyapitia hayo, unga kwenye karai la mchezo ni matusi.

Watoto waliinamisha vichwa. Lakini Susu, ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi huku Ukambani, hakuwafukuza. Aliwaambia: "Sijakataa mcheze. Nimekataa kitu kiguswe halafu kitupwe. Tafuteni kitu ambacho mkimaliza kucheza kitakuwa na kazi." Hilo likawa sharti letu, na ningekushauri nawe ulifanye lako.

JARIBIO LA KWANZA: UTE WA BAMIA

Kwenye bustani nyuma ya nyumba kulikuwa na bamia chache zilizopitiliza, ngumu kwa kula. Susu alimpa binti yangu sita. Tulizikata vipande vyembamba na kuvitia kwenye kikombe kimoja cha maji, tukaviacha kwa saa moja. Ukiviacha usiku kucha ni bora zaidi.

Tulipovitoa vipande, maji hayakuwa maji tena. Yule mdogo alichovya uma na kuuinua, na ute ukafuata kama uzi, mrefu na unaong'aa. Alicheka hadi akakaa chini. "Susu, hii ni slaimu ya shamba!"

Sasa, msomaji, ute huo ni nini? Vitu vingi vimeundwa kwa chembe ndogo sana ambazo wanasayansi huziita molekuli. Molekuli ya maji ni fupi mno, na molekuli zake hupishana kwa urahisi kama punje za mtama gunia linapomiminwa. Molekuli za ute wa bamia ni tofauti. Ni minyororo mirefu, kila mmoja umeungwa kwa maelfu ya vipande vidogo vya jamii ya sukari. Minyororo hiyo ikielea majini hushikana na kukwama. Ukivuta mmoja, mingine inafuata. Jina lake la kisayansi ni polima.

Binti yangu alitikisa kichwa kuonyesha hajaelewa. Susu akachukua kiondo alichokuwa akisuka, akachomoa nyuzi za katani ambazo hazijasukwa na kuzitupa kwenye sinia. "Chukua mmoja," akasema. Binti akavuta mmoja, zikaja kumi zimeshikana. Hakuhitaji maelezo zaidi.

Usiishie hapo. Gawa ute wako kwenye bilauri mbili. Moja ikamulie limau, nyingine itie magadi kidogo, kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Kabla ya kufanya hivyo waulize watoto wanadhani nini kitatokea, na kila mmoja aandike jibu lake. Kwetu ute wenye limau ulianza kuwa mwepesi na uzi ukakatika upesi. Ule wenye magadi uliendelea kuvutika.

Wapishi wanaijua siri hii tangu zamani. Anayependa mrenda uteleze huuweka magadi, na asiyependa bamia yenye ute huikamulia limau. Sababu yake ni kwamba minyororo ya bamia ina chaji za umeme za aina moja zinazosukumana, na kusukumana huko ndiko kunakoiweka imenyooka. Asidi ya limau huzizima chaji hizo. Minyororo hujikunja kama mtu mwenye baridi, na ikishajikunja haishikani tena vizuri. Magadi ni kinyume cha asidi. Hapo tayari mtoto amejifunza asidi na alikali bila kukariri.

Na vile vipande vya bamia? Vilikwenda kwa mbuzi. Sharti la Susu lilitimizwa.

JARIBIO LA PILI: WANGA WA MUHOGO

Siku iliyofuata mvua ilipumzika. Susu alituchimbia mihogo, kilo mbili hivi, ya ile aina tamu ambayo familia yetu imeila miaka yote. Tuliimenya, tukaiosha na kuikwaruza kwa grata, kisha tukaichanganya na maji kwenye ndoo na kuichuja kwa kitambaa safi. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama maziwa. Tuliyaacha yatulie kwa saa tatu.

Hapa nakuomba uwe makini. Muhogo mbichi una kemikali ambayo ukikwaruzwa hutoa sumu ya sianidi, na muhogo mchungu unayo kwa wingi zaidi. Maji ya muhogo yasinywewe na mtu, na yasimwagwe mahali ambapo kuku au mbuzi wanaweza kuyafikia. Mtoto asionje muhogo mbichi. Sisi maji yale tuliyamwaga shimoni mbali na boma. Mjini, kama huna uhakika na muhogo wa sokoni, nunua pakiti ya wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini ambao wapishi huutumia kufanya mchuzi uwe mzito. Changanya vikombe viwili vya wanga huo na kikombe kimoja cha maji. Unga wa sima hautafaa, maana una vitu vingi zaidi ya wanga na punje zake ni kubwa.

Tulipomwaga maji ya juu, chini ya ndoo kulibaki wanga mweupe uliotulia. Tuliuosha kwa maji mengine mara mbili, ukatulia tena. Yule mdogo alipiga ngumi juu yake. Ngumi iligonga kana kwamba imegonga ubao. Halafu akaweka vidole taratibu bila kusukuma, na vidole vikazama kama kwenye uji. Aliufinyanga haraka ukawa donge gumu kiganjani. Alipoacha kufinya, donge likayeyuka na kupita katikati ya vidole.

"Baba, hiki ni kigumu au ni maji?"

Hilo ni swali ambalo hata watu wazima hulikuna kichwa. Shuleni tulifunzwa kwamba kitu ni yabisi, kiowevu au gesi. Huu wanga uliolowa umekataa kukaa kwenye kapu moja. Ukiutendea kwa upole ni kiowevu, ukiutendea kwa nguvu ni yabisi. Sababu niliitafuta vitabuni, lakini aliyetuonyesha kwa macho ni Susu tena, na hakutuonyeshea jikoni.

MCHANGA WA MTONI

Alasiri hiyo tulimsindikiza kuteka maji. Mito mingi ya Ukambani ni ya mchanga. Mvua ikinyesha hujaa kwa ghadhabu, na ikipita hubaki mchanga mtupu, lakini maji yapo chini. Wenyeji huchimba kisima kifupi na kuteka. Pia hujenga ukuta wa zege kukingama mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji yasikaushwe na jua. Mabwawa haya ya mchanga yako mengi Makueni na Kitui, na mengi yalijengwa na vikundi vya mwethya, ambapo majirani hukusanyika kufanya kazi pamoja bila ujira.

Binti yangu aliuliza maji yanakaa wapi ilhali mchanga umejaa. Susu alijaza mchanga mkavu kwenye kikombe hadi mdomoni na kumwambia amimine maji polepole. Maji yaliendelea kuingia bila kumwagika, kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Yalikuwa yanajaza nafasi zilizo kati ya punje na punje.

Kisha akatuambia tukanyage mchanga uliolowa kando ya kisima, tena tuutazame tunapokanyaga. Nimekanyaga mchanga huo tangu utotoni na sikuwahi kuona nilichokiona siku ile. Mguu ukishuka, mchanga unaouzunguka hukauka ghafla na kupauka. Ukiinua mguu, unalowa tena.

Jambo hilo lilielezwa mwaka 1885 na mhandisi Mwingereza aitwaye Osborne Reynolds. Punje za mchanga zilizotulia zimebanana vizuri. Ukizisukuma, hazina budi kupandana ili zipishane, na zikipandana nafasi kati yake zinapanuka. Maji ya juu huvutwa chini kujaza nafasi hizo, na ndiyo sababu mchanga unaonekana kukauka na kuwa mgumu chini ya mguu.

Punje za wanga ni kama mchanga huo, ila ni ndogo mno kwa jicho. Ukizisukuma polepole, maji hupata muda wa kupita katikati na punje huteleza. Ukizipiga ghafla, maji hayana muda, punje hubanana na kugusana, na donge zima husimama kama ukuta. Binti yangu alisimama pale mtoni akikanyaga na kuinua mguu, akikanyaga na kuinua. Mwishowe akasema, "Kwa hivyo, Susu, wewe umekuwa ukijua sayansi miaka yote hii?" Susu akamjibu kwamba yeye anajua maji tu.

JARIBIO LA TATU: UTE WA MOTONI

Tulirudi nyumbani na swali jingine. Wanga haukuvutika kama bamia. Ulikuwa mgumu, ulikuwa laini, lakini hukuweza kuuvuta uzi. Kwa nini, ikiwa nao pia ni polima?

Jibu ni kwamba minyororo ya wanga imefungwa ndani ya punje, kama nguo ndani ya sanduku. Ili uipate lazima sanduku livunjwe, na kinacholivunja ni moto. Chukua vijiko vitatu vikubwa vya wanga wa muhogo, vikoroge kwenye maji baridi kidogo hadi madonge yaishe. Chemsha kikombe kimoja cha maji, kisha umimine wanga huku ukikoroga kwa mwiko bila kupumzika. Kwanza mchanganyiko ni mweupe. Kisha, mara tu joto likipita kiwango fulani, rangi nyeupe inatoweka, unakuwa kama kioo na mwiko unakuwa mzito mkononi. Punje zimekunywa maji, zimevimba na kupasuka, na minyororo imetoka. Uji wako wa asubuhi hufanya vivyo hivyo kila siku.

Kazi hii ya moto ni ya mtu mzima. Wanga wa moto hunata kwenye ngozi na huunguza vibaya kuliko maji. Subiri hadi upoe kabisa ndipo uwape watoto.

Ukishapoa, mpenzi msomaji, utapata slaimu. Wanga wa muhogo hasa huvutika sana, kuliko ule wa mahindi ambao hukatika kama jeli. Ukitaka rangi, tia maji ya kiazisukari chekundu. Yule mdogo aliuvuta kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na safari hii viganja vyake havikuwasha.

Kama una dawa ya vidonda ya iodini kabatini, ongeza hatua moja. Weka wanga kidogo kwenye kisosi na udondoshe tone moja. Rangi ya kahawia hugeuka buluu iliyokolea karibu iwe nyeusi. Mnyororo wa wanga hujizungusha kama springi, na iodini huingia ndani ya springi hiyo. Hapo ndipo rangi hubadilika. Jaribu tone jingine juu ya chumvi, jingine juu ya kipande cha kiazi na jingine juu ya ute wa bamia, mtoto aone ni kipi chenye wanga na kipi hakina. Kilichotiwa iodini kisiliwe, na ujue kwamba iodini huacha doa kwenye nguo.

NA ILE SLAIMU YA DUKANI?

Usiku ule, kwenye taa ya mafuta, nilirudi kwenye swali la binti yangu ambalo nilikuwa nimelikwepa: kwa nini gundi inageuka?

Gundi nyeupe nayo ni minyororo mirefu inayoelea majini. Ikiwa peke yake, minyororo hiyo huteleza na gundi inamiminika. Kemikali inayotumiwa katika slaimu nyingi, ambayo ni boraksi, hushika mnyororo mmoja kwa upande huu na mnyororo mwingine kwa upande ule. Nilichukua kile kiondo. Nyuzi zilizolala peke yake ni gundi. Nyuzi zilizoshonwa kwa uzi unaokingama ni slaimu. Tofauti ni kwamba vifundo vya boraksi ni dhaifu, vinafunguka na kufungika tena, na ndiyo maana slaimu inavutika badala ya kuwa ngumu kama bakuli la plastiki.

Jambo lililomfurahisha zaidi ni hili. Slaimu ya kwanza kuuzwa kama mchezo wa watoto ilitolewa na kampuni ya Mattel ya Marekani mwaka 1976, na haikutengenezwa kwa gundi ya leo. Ilitumia ute unaotoka kwenye mbegu za guwa, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa sana India na Pakistan katika nchi kavu. Yaani mmea ambao ni binamu wa kunde na pojo zilizokuwa kwenye ungo wa Susu. Watoto wa Marekani walikuwa wakinunua ute wa kunde!

Hata wataalamu hawakuamini upesi habari ya minyororo hii. Mkemia Mjerumani Hermann Staudinger alipoandika mwaka 1920 kwamba molekuli zinaweza kuungana na kuwa ndefu mno, wenzake wengi walimpinga. Hakuacha. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Binti yangu alihesabu kwa vidole: miaka 33. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na hao waliompinga walikuwa wenye akili."

MAMBO YA KUZINGATIA

Kabla hujaingia jikoni na wanao, tafadhali kumbuka haya.

Boraksi si ya mtoto mdogo. Huwasha ngozi na macho, na ikimezwa ni sumu. Usimruhusu mtoto achanganye sabuni za kufulia na dawa za nyumbani peke yake, hata kama mwenzake shuleni amefanya hivyo. Usichanganye kamwe dawa ya kung'arisha nguo na siki au dawa ya choo, kwa sababu hutoa gesi inayoua.

Ute wa bamia na wa wanga haudumu. Ni chakula cha vijidudu, kwa hivyo utaharibika baada ya siku moja au mbili. Ukianza kunuka, utupe kwenye mbolea. Usiumwage kwenye sinki, utaziba bomba. Kilichoshikwa na mikono ya kucheza kisirudi kwenye chungu cha kula, na mikono ioshwe kabla na baada.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukiongeza maji na limau kwa pamoja hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Hii ndiyo sheria kubwa ya maabara yoyote duniani, na mtoto wa Gredi ya 2 anaielewa.

Mwisho, usikimbilie kujibu. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika mwaka 2019, wazazi wengi tumelalamika kwamba kazi za watoto zimekuwa kazi zetu, na mara nyingi ni kweli, maana mtoto hulala huku baba akikata makaratasi usiku. Hapa ni kinyume. Mwache mtoto akoroge, amwage, akosee. Wewe uliza tu: "Unadhani nini kitatokea?" Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha mlitafute pamoja. Mimi nililichukua kama aibu, na kwa aibu hiyo karibu nimpoteze mwanafunzi.

KOLA ZA SARE

Huenda unajiuliza sharti la Susu liliishia wapi. Machicha ya muhogo yaliyochujwa yalianikwa juani ili yakauke na kusagwa. Wanga uliobaki kwenye ndoo haukuchezewa wote. Siku moja kabla hatujaondoka, Susu aliwaambia watoto wapike tena ule ute wa motoni, safari hii mwepesi. Akatoa vitambaa vya meza alivyovifuma mwenyewe, pamoja na shati la shule la mjukuu wake wa jirani, akavichovya, akavikamua na kuvianika. Vilipokauka alivipiga pasi ya makaa.

Kola ilisimama wima kama ya karani wa zamani. Binti yangu aliigusa, akaikunja, ikarudi. Hakungoja kuulizwa. "Minyororo imekauka ikiwa imeshikana na uzi wa shati," alisema. "Ikiloweshwa itaachana tena." Susu alimtazama, kisha akanitazama mimi.

Tukirudi Nairobi, garini, binti alikuwa na daftari mapajani. Alikuwa ameandika majaribio matatu, kila moja na kile alichodhania na kile alichokiona, na mara mbili dhana yake ilikuwa imekosea. Hakufuta. Chini yake aliandika swali: wanga wa viazi vitamu utavutika kama wa muhogo au utakatika kama wa mahindi? Aliniuliza jibu. Nikamwambia silijui, na kwamba viazi tunavyo kwenye buti la gari.

Basi, msomaji wangu, Jumapili hii ukitoka sokoni pitia kwa mama mboga ununue bamia sita zilizopitiliza. Atakuuzia kwa bei nafuu, maana hakuna mwingine anayezitaka. Zikate, ziloweke, na uwaite watoto. Ukishamaliza, mpe mtu au mnyama kitu cha kufaidi kutokana na mlichokigusa. Nikutakie Jumapili njema na jikoni lenye maswali mengi.